Stesheni ya Majivu

Majivu ya moto yakimwagiwa maji yana harufu yake. Ndani yake kuna chumvi, kuna chuma, na kuna kitu kama mbuzi aliyenyeshewa. Juzijuzi nilikuwa Dar es Salaam, chini ya ile stesheni iliyopandishwa juu ya nguzo, namngoja mjukuu wangu akate tiketi. Muuza chai mmoja, aliyejibanza kati ya nguzo mbili, akalimwagia jiko lake maji ili afunge kazi. Harufu ikanipanda puani. Mimi bibi mzima, niliyekwisha kuhesabu mizigo yangu mara mbili na nikaanza ya tatu, nikajikuta niko Katesh enzi za Mwingereza, uani kwa babu, siku alipohukumiwa mtu kwa kosa la kusema kwamba treni hupita juu ya mapaa.

Babu yangu, Mzee Salehe, alikuwa na duka la chumvi, vitambaa na majembe, na alinunua ngozi kwa wafugaji wa tambarare. Watu walimsifu kwa haki kwa sababu alipima kila ngozi mara mbili. Mara ya pili lazima aihamishe mizani. "Hapa ardhi imelala upande," atasema, "nisije nikamdhulumu mtu." Anaipeleka pale, anapima tena. Katika utoto wangu wote sikuona ngozi hata moja iliyoongezeka uzito kwa kuhamishwa. Zote zilipungua. Nilidhani ngozi ndivyo zilivyo, zinachoka kama watu.

Lakini duka lenyewe hasa alikuwa shangazi yangu Mwanaidi, binti yake wa mwisho. Ndiye aliyefungua milango alfajiri, ndiye aliyejua kila kitu kiko rafu gani, ndiye aliyeongea na Wairaqw kwa Kiiraqw na Wabarbaig kwa lugha yao. Kazi ya babu ilikuwa kukaa barazani na wenzake na kunywa kahawa aliyoichemsha shangazi. Wachumba walikuja. Mmoja babu alimkataa kwa kuwa anacheka ovyo, wa pili kwa kuwa hacheki kabisa. Wa tatu alikohoa wakati wa kula. Mji mzima ukasema Mzee Salehe ni mwangalifu, hamtupi mwanawe kwa yeyote. Nami nikasema hivyo hivyo, maana nilikuwa mtoto, na barazani hapakuwa na mtu mwenye akili ya kunizidi.

Ndipo akaja Athumani. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, amepigana Burma, na sasa alikuwa utingo wa lori, mwenye koti zito la jeshi alilolivaa hata jua la saa saba. Mahari alikuwa nayo, sala alizijua, shikamoo alizitoa kwa mpangilio bila kumruka mzee hata mmoja. Alicheka kwa kiasi na hakukohoa. Babu alihangaika kumtafutia kasoro, mpaka Athumani akamletea mwenyewe, mkononi kabisa.

Wazee walimwuliza ameona nini huko ng'ambo. Waliotangulia kurudi walikuwa wameleta hadithi za chatu anayemeza ng'ombe na pembe zake, na barazani ziliaminiwa zote. Athumani akasema ameona stesheni. Tuliposafirishwa, alisema, tulikaa Bombei kungoja meli, na pale kuna stesheni iko juu. Mji ulikuwa umejaa watu kabla reli haijafika, chini hapakubaki hata pa kupitisha punda, kwa hiyo reli ikabidi ipande. Mikokoteni inapita chini, wewe unapanda ngazi, na treni inakuja usawa wa madirisha ya ghorofa. Watu humo ndani wanakula wali wao wala hawainui macho.

Baraza ikaangua kicheko. Hakuna anayecheka kwa ukali kama mtu ambaye hajaona hata treni ya chini. Fundi cherehani wetu, aliyewahi kufika Moshi na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa bingwa wa mambo ya reli, akatoa hukumu: treni ikipandishwa juu ya nguzo itazama kama jembe kwenye tope.

"Na ikitaka maji?" akauliza Gidamis, mfugaji aliyekuwa ameleta ngozi. "Inashuka kunywa?"

"Hainywi maji, mzee. Hata moshi haina. Ile inakwenda kwa nguvu ya waya."

"Inakula waya!" Gidamis akajipiga paja. "Na anayeichunga huko juu ni nani? Kunguru?"

Mtetezi alikuwa mmoja tu, Mama Boay, Mwiraqw wa kijiji cha Daudi aliyefuata chumvi. Kule kwao, enzi zile, nyumba zilichimbwa ubavuni mwa kilima, paa la udongo likawa sawa na ardhi ya nyuma, na mifugo ikapita juu yake kama inavyopita njiani.

"Mnacheka nini, nyie?" akasema. "Mimi mbuzi wananipita juu kila siku. Juzi kapita ndama nasonga ugali. Kwani niliinua macho? Hao wa Bombei wamechimba nyumba zao chini, basi."

Hapo mtu mwenye akili ya biashara angenyamaza, akachukua ushahidi wake akaenda zake. Athumani akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Nyumba hawakuzichimba. Treni ndiyo waliyoinua."

Mama Boay alimtazama kwa huruma. "Kazi yote hiyo ya nini?" akauliza, akabeba chumvi yake akaondoka.

Babu akakohoa, maana yeye alikuwa na ruhusa ya kukohoa. "Binti yangu simpi mwongo," alisema. "Lakini mimi si mtu wa dhuluma, mnanijua. Tutapima mara mbili. Leo atuchoree hiyo stesheni, na siku ya mnada aichore tena. Zikifanana, achukue mke. Zisipofanana, achukue koti lake."

Nilimwona shangazi mlangoni, ameshika pishi ya maharage, hakuimwaga wala hakuiweka chini.

Basi ikachorwa. Babu aliweka kigoda katikati ya ua, Athumani akakaa ameelekea mlima Hanang, mgongo barabarani, karai la majivu miguuni. Alichora kwa kidole, polepole, kama anayemlisha mtoto. Hii barabara. Hizi nguzo. Ngazi ni hii, mkono wa kulia, na chini yake dirisha la tiketi. Huku kushoto, chini vilevile, muuza chai. Juu, reli mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na kila moja na jukwaa lake la kusimamia watu. Ngazi iliangukia upande wa mlango wa duka, muuza chai upande wa zizi la mbuzi. Babu akapigilia kigingi penye ngazi na kingine penye muuza chai. Jioni mbuzi wakarudi, wakapita kwenye stesheni bila kulipa nauli, vikabaki vigingi.

Siku ya mnada ua ulijaa. Watu waliacha ng'ombe wao kuja kuona mwongo. Babu alimpokea Athumani kwa adabu iliyosifiwa hata na wageni. "Jua litampiga kijana machoni," akasema, na kwa mikono yake mwenyewe akachukua kigoda, akakihamishia upande wa mlimani. Athumani akashukuru, akakaa ameelekea barabarani, akachovya kidole kwenye majivu.

Hakusita hata mara moja. Alipomaliza, fundi cherehani alishuka na utepe wake wa kupimia mashati, akapima kutoka kwenye vigingi, akapima tena, kisha akajinyoosha.

"Ngazi imehamia kwa mbuzi!" akatangaza. "Na muuza chai yuko mlangoni kwa Mzee Salehe!"

Sijawahi kusikia tena kicheko kama kile. "Stesheni inatembea kuliko treni yake!" alipiga kelele mmoja. Athumani alitazama mchoro wake, akatazama watu, akatazama mchoro.

"Ni ile ile, wazee wangu. Tazameni. Ngazi mkono wangu wa kulia, kama siku ile."

"Kigingi hakina mkono," babu akamjibu.

Shangazi akatoka jikoni na beseni la maji aliyooshea mchele. Hakukatiza ua. Aliwazunguka watu wote, akafika nyuma ya Athumani, akasimama kidogo begani kwake, halafu akaimwagia maji ile stesheni, ngazi, reli na yote. Majivu yaliruka, harufu ikajaa ua, na matone yakampata babu kwenye viatu. Watu walishangilia. "Mmeona? Hata mwenyewe kamkataa!" Babu peke yake hakucheka. Nikajua ni kwa ajili ya viatu, vilikuwa vipya.

Mnada uliofuata shangazi hakuwapo, na lori halikuwapo. Tulisikia wameoana Singida, baba yangu mdogo aliyekaa kule ndiye aliyesimamia. Katesh wakamwita Mke wa Stesheni, wakimaanisha mwanamke aliyedanganywa mchana kweupe, mbele ya mashahidi, akafuata tu. Nami nilimdharau hivyo hivyo, miaka mingi, kwa moyo safi. Babu akabaki dukani akitafuta vitambaa kwenye rafu za majembe. Wateja walimngoja mpaka wakachoka, wakaenda kwa wengine, na duka likafa kabla yake.

Sasa nirudi Dar. Mjukuu alipopata tiketi tulipanda ngazi, nikakariri kila kitu kama mtu wa bara anavyopaswa kufanya: dirisha kulia, mabenchi kushoto, upepo wa bahari usoni. Nikashuka kununua maji, nikapandia ngazi ya upande wa pili. Juu nikakuta dirisha liko kushoto, mabenchi kulia, na upepo unanisukuma mgongoni. Mjukuu hayupo. Nilisimama pale na chupa yangu, nikiwa na hakika kabisa kwamba wahuni wamehamisha stesheni.

"Bibi!" mtoto akaniita nyuma yangu. "Geuka tu. Ni hapa hapa."

Nikageuka. Nikamwona babu amebeba kigoda.

Jua lipi la kumpiga kijana machoni, jamani? Siku ile Hanang ilikuwa imejifunika mawingu mpaka kiunoni tangu asubuhi. Baraza nzima ya wanaume, na utepe wa fundi juu yake, hakuna aliyeona aibu ya kutozunguka hatua chache. Aliyezunguka ni mmoja, amebeba beseni, akasimama pale alipokaa Athumani na kutazama kwa macho ya Athumani. Alipoona ngazi iko kulia vilevile, akamwaga maji. Walioshangilia walidhani yamemwagwa kwa Athumani. Mwenye viatu alijua yamemwagwa kwa nani.