Nati ya Ishirini na Moja

Ukifika kwenye duka la spea pale Nyasubi, hakuna anayekuuliza rimu zako ni za aina gani. Unasema, "Nipe nati za ishirini na moja," kwa sababu spana inayozifungua ni namba ishirini na moja, na muuzaji anakuchotea kutoka kwenye kopo. Huku kwetu nati huitwa kwa spana yake. Nimekua na tabia hiyo ya kijinga, nikaiamini, na leo naichukia.

Baba yangu analima tumbaku Ushetu na ana kigari cha zamani, wakati huo kikiwa na rimu za chuma. Kabla ya kurudi shambani alikuwa dereva miaka mingi, na alichojivunia kuliko hata ng'ombe wake ni kwamba hajawahi kumwumiza abiria. Kila asubuhi alizunguka gari na spana, akijaribu nati moja moja. Mimi nilizionea aibu rimu zile. Nilikuwa nafanya kazi Katoro, najiona mtu wa mjini, nikamnunulia rimu za sport, zimetumika lakini zinang'aa.

Muuzaji hakuwa na nati za rimu hizo. Nikamwambia asijisumbue, za zamani zipo, zote ni ishirini na moja. Nikazifunga mwenyewe uani, mama akinipigia vigelegele. Baba aliuliza tu, "Zinaingia?"

"Zimeingia zote, baba."

Na kweli ziliingia. Huo ndio ubaya wenyewe.

Jumapili iliyofuata alizipitia kwa spana kama kawaida yake, akampakia mama kwenda kanisani. Kabla hawajafika kwenye lami, gurudumu la mbele lilichomoka, likakimbilia kwenye mahindi ya watu, na gari likalala mtaroni. Mama alivunjika mkono. Baba hakupata hata mchubuko, na nadhani angeona afadhali kama angeupata.

Yeye akiwa hospitali na mama, mimi nilikuwa kwa fundi Nyasubi. Fundi aliokota nati moja iliyobaki, akaiweka kwenye tundu la rimu, akanionyesha. Nati ya rimu ya chuma imechongoka mdomoni, na inataka tundu lenye mteremko wa kuipokea. Matundu ya rimu zangu yalikuwa bapa, yanataka nati yenye shingo na washa pana. Nilizofunga mimi zilikuwa zinagusa ukingo tu. Mkononi unaona zimekaza, gari likitembea zinalegea.

"Nani alifunga hizi?"

"Mzee," nikasema.

Lilitoka lenyewe, wala hakuna aliyenibana. Fundi akatikisa kichwa, akasema wazee nao inabidi wanyang'anywe spana. Nikacheka naye. Kicheko kile ndicho kinachonichoma kuliko gurudumu lenyewe.

Hospitali nilimkuta baba kando ya kitanda cha mama, anaangalia viganja vyake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo.

"Asubuhi nilizikaza, ng'wanone," akaniambia kwa Kisukuma chake cha kumwita mtoto. "Lakini naona mikono imezeeka. Haijui tena kilichokaza na kilicholegea."

Jibu lilikuwa mdomoni kabisa. Nikamuuliza kama amekula.

Hakuendesha tena. Alinikabidhi funguo mbele ya wadogo zangu, akasema mwenyewe kwamba hafai. Nami nikanunua nati zinazostahili, nikazifunga kimya kimya, na kwa kuwa zote zinang'aa hakuna aliyegundua kitu. Wadogo zangu wananisifu kwa kumwokoa mzee na hatari.

Siku hizi nikienda Ushetu mimi ndiye dereva. Mama, ambaye mkono wake haunyooki vizuri, anakaa mbele, na baba anapanda nyuma kama mgeni kwenye gari lake. Kila tunapoondoka ananigusa bega.

"Taratibu, ng'wanone. Usije ukamfanyia mama yako kama nilivyomfanyia mimi."

"Sawa, baba," namjibu, natia gia.