Nilivyochonga besi zito likagoma kutoa sauti: Keko, enzi za Mwingereza

Wakuu, salaam.

Kwa umri wangu ilipaswa nyie ndio mniamkie, lakini nimekuta humu kila mtu ni mkuu, basi na mie nawaita wakuu. Shikamoo zenu nitazipokea kwenye comments.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja wa Sinza anayetaka kuchongewa body ya bass guitar, custom kabisa, na fundi wa Keko. Anauliza achukue mbao gani. Mmemjibu mengi. Mmoja kamwambia, "Chukua mninga mnene, mzito, utadumu hadi wajukuu."

Nilipofika hapo niliweka simu chini nikacheka mpaka mjukuu wangu akaja kuangalia kama niko salama.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Nitakayosimulia yalinikuta mwenyewe. Atakayesema hii ni chai aje Temeke nimwonyeshe kovu la patasi kwenye dole gumba.

Ilikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, Mnyamwezi wa Tabora, mtoto wa Kikatoliki niliyeletwa Dar na baba aliyekuwa karani. Baba alitaka na mie niwe karani. Kalamu ilinikataa, nikaingia useremala Keko kwa Mzee Mbaraka.

Mzee Mbaraka alikuwa Mzaramo, na mnajua mambo ya Wazaramo na Wanyamwezi. Watani. Mzee yule aliweza kunisema kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, nami nikamrudishia, na hakuna aliyenuna. Wateja wageni walidhani tunataka kupigana.

Jioni nilikuwa mwanamuziki. Nasema hivyo kwa ukarimu.

Tulikuwa na kabendi ketu ka dansi. Magitaa mawili, tarumbeta, ngoma, na mie nyuma kabisa na sanduku la chai. Vijana hamlijui hili. Unageuza sanduku chini juu, unasimamisha fimbo, unafunga uzi mmoja. Ukiivuta fimbo uzi unakaza, ukiiachia unalegea. Hilo ndilo besi.

Nilikuwa nalipenda kuliko kitu chochote duniani. Kutwa nzima nilikuwa kijana wa Mzee Mbaraka, Jumapili nilikuwa mtoto wa karani. Pale nyuma na sanduku langu nilikuwa Kasiani, na watu walikuwa wanacheza kwa sababu yangu.

Sasa ikaja habari. Kiongozi wetu, Aloyce, mpiga tarumbeta, naye karani, mtu ambaye mkunjo wa suruali yake ungeweza kukata mkate, akatuambia tumealikwa kupiga kwenye ukumbi mmoja Ilala. Idd pili, dansi la alasiri. Ukumbi wa maana, watu wa maana, na sisi tushone suti nyeupe.

Tukashangilia. Kisha akanigeukia mie.

"Kasiani, sanduku halipandi jukwaa lile. Tutachekwa. Ukija na besi la kweli, nafasi yako ipo. Usipokuja nalo, utatusaidia kubeba viti."

Kubeba viti, wakuu! Sikulala vizuri siku mbili.

Tulikuwa na wiki sita. Besi la dukani lilikuwa halinunuliki kwa mtu kama mie. Lakini mie si fundi? Nikasema nitalichonga.

Nilikuwa nimeliona besi la bendi ya hoteli moja mjini, kupitia dirishani. Lile lina tumbo la kupinda, nikajua siliwezi. Nikaamua kuchonga umbo la gitaa, ila kubwa, la kufika kifuani, linalosimama sakafuni juu ya mguu wa chuma. Mpigaji wa hoteli ile alikuwa anabadilisha nyuzi zake, akanipa nne za zamani. Yeye mwenyewe alidhani ninatania.

Mzee Mbaraka hakulipenda dansi. Alisema ni shughuli ya watu wasiojua pa kuweka mikono. Lakini nilipomweleza habari ya viti akanionyesha kona ya karakana na rundo la mbao za mninga zilizokauka vizuri.

"Chukua humo," akasema. "Lakini kitakachotoka hapa kitasemwa kimetoka kwa Mbaraka. Usiniaibishe."

Hapa lazima nisimame niwaeleze jambo, maana ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Mteja wa fenicha Keko, enzi zile na hata leo, kabla hajauliza bei anagonga. Anakunja kidole, ko ko ko kwenye mlango wa kabati. Kabati likiitika kwa kuvuma, anajua ubao ni mwembamba, anataka kuibiwa. Likinyamaza, linasema du basi, anatabasamu. Mzee alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza. Kila ubao tuliugonga kabla ya kuutumia. Unaopiga kelele uliwekwa pembeni ukawa wa masanduku. Ulionyamaza ndio ulikuwa wa kitanda cha bwana harusi.

Basi na mie nikagonga.

Niligonga mbao za mninga moja moja, asubuhi nzima, sikio nimeliinamisha kabisa. Kila uliovuma niliukataa. Nikachagua zilizonyamaza.

Mmeshaelewa? Nilikaa nikachagua, kwa makini na kwa ufundi wote niliofundishwa, mbao zisizotaka kutoa sauti, ili nitengeneze ala ya muziki.

Wala sikuishia hapo. Uso niliufanya unene wa inchi nzima. Mgongo vilevile. Kona nikaziunga kwa meno ya kufungana kama droo, gundi ya kuchemsha ndani, na misumari juu yake kwa usalama. Tundu la sauti nililikata dogo na la duara zuri, nikalizungushia urembo. Kisha polishi, siku nne, kitambaa na mkono, mpaka ukisimama mbele yake unaona meno yako.

Lilikuwa zuri, wakuu. Watu walikuwa wanatoka njia kuja kulitazama. Mama mmoja aliuliza kama lina rafu ndani.

Kulinyanyua ilibidi tuwe wawili. Mzee Mbaraka akaliangalia, akaangalia shingo yangu iliyovimba mishipa.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo," akasema. "Wewe unabeba kabati lenye nyuzi. Ukoo haupotei."

Nikafunga nyuzi. Nikavuta ule mnene kabisa.

Du.

Nikavuta tena. Du. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea akiwa amejifunika shuka mpaka usoni. Ukisogea hatua tano husikii kitu.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili, na huu sina wa kumsingizia. Nilikataa kuamini. Nikasema nyuzi ni mbovu. Nikazichemsha. Nikasema daraja la nyuzi ni fupi, nikachonga lingine. Nikaongeza polishi! Siku tano nzima nikihangaika na kila kitu isipokuwa lile sanduku lenyewe, kwa sababu kazi ya mbao nilikuwa naijua, na niliona haiwezekani niwe nimekosea kwenye kitu ninachokijua.

Siku ya sita Mzee alikuwa anapigilia plaiwudi mgongoni mwa kabati la mwalimu mmoja wa Mwananyamala. Mgongo wa kabati hauonekani, unakaa ukutani, kwa hiyo unawekwa ubao mwembamba, wa dharau. Kila nyundo ikitua kabati zima lilikuwa linavuma. Vuuum. Vuuum. Niliisikia hadi kwenye nyayo.

"We Mnyamwezi," akaniita, "lete kipande cha ubao tukipigilie hapa mgongoni, tulinyamazishe hili."

Nilisimama na kile kipande mkononi sikumpa. Nikaenda kuweka kiganja kwenye ile plaiwudi, nikamwambia apige tena. Akapiga. Nikasikia aibu imenipanda mpaka masikioni.

Nikachukua msumeno nikaanza kukata uso wa besi langu, pamoja na ile polishi ya siku nne.

Mzee alidhani nimepata wazimu. Nilipomwonyesha ile plaiwudi na kumwambia ya aina hiyo ndiyo naiweka mbele, alikasirika kweli, bila utani.

"Ubao wa mgongoni uuweke usoni? Watu watasema Mbaraka siku hizi anauza makabati yamegeuzwa!"

"Mzee, lile linalonyamaza ndilo zuri kwa nguo. Hili linatakiwa liseme."

Akaweka nyundo chini. Kisha akaenda kwenye rundo la mbao zilizokataliwa, zile za masanduku, akaanza kugonga. Ko ko. Anatupa. Ko ko. Anatupa. Mpaka akapata ubao uliovuma kama kengele, akaniletea kwa ajili ya mgongo, akachukua randa yeye mwenyewe. Tukaupunguza pamoja, yeye upande huu mie upande ule, mpaka ukawa mwembamba kiasi cha kuniogopesha. Mzee wa watu, ambaye hakuwahi hata kupita karibu na dansi. Nilimpenda sana siku ile na sikumwambia.

Gundi ilikauka Jumanne. Idd ikatabiriwa Ijumaa, kwa hiyo dansi ni Jumamosi. Nikavuta ule uzi mnene, na kuku wa jirani wakakimbia.

Kama hadithi ingeishia hapa ningekuwa nimewapa uzi mtamu. Lakini niliwaahidi ukweli.

Jumatano nikalipeleka mazoezini. Lilikuwa jepesi sasa, nililibeba peke yangu kichwani. Aloyce akaligonga kwa kidole, likavuma, akacheka kwa furaha, akasema, "Haya, tuanze."

Tukaanza. Na hapo ndipo nikagundua jambo ambalo kila mmoja wenu ameshaliona tangu mwanzo wa uzi huu.

Mie nilikuwa najua uzi mmoja na fimbo. Hili lina nyuzi nne, na shingo, na vidole vinatakiwa vijue pa kukanyaga. Na wiki zote zile nilizokuwa napiga polishi, wenzangu walikuwa wanafanya mazoezi ya nyimbo mpya, mie sikuhudhuria hata mara tatu. Nilidhani kuwa nalo ndiyo kulijua.

Nilipiga vibaya. Vibaya sana. Mbaya zaidi, sasa nilikuwa nasikika.

Alhamisi Aloyce akaja na mtu, Salumu, kijana mpole wa Mwananyamala. Alikuwa amewahi kupigia bendi nyingine iliyokuwa na besi lake, ikavunjika. Alikuwa na vidole, hana ala. Aloyce hakuzunguka.

"Kasiani, besi ni lako. Ukisema unapanda wewe, utapanda, nilikuahidi. Ila umejisikia mwenyewe jana."

Salumu alikuwa anatazama chini. Nikamwambia alijaribu.

Alilishika kwanza kwa kulipapasa, kama mtu anayempima mbuzi. Kisha akaanza kupiga wimbo wetu mmoja, taratibu, bila kukosea. Sikungoja amalize.

"Apande yeye," nikasema, na nikatoka nje.

Jumamosi nililibeba mwenyewe kutoka Keko hadi Ilala. Suti yangu nyeupe ilikuwa imeshashonwa, nikaivaa hivyo hivyo. Nikamkabidhi Salumu besi mlangoni, nikaingia na kusimama katikati ya watu, mahali ambapo sikuwahi kusimama. Maana miaka yote nilikuwa nyuma ya bendi, natazama migongo ya wenzangu.

Wimbo ukaanza. Likaja besi kupitia sakafuni, likapanda miguuni, likakaa hapa kifuani. Ukumbi mzima ukayumba upande mmoja kwa pamoja. Dada mmoja jirani yangu akamwambia mwenzake, "Mie leo mtanibeba." Hakuna aliyejua kazi ni ya nani. Nilitamani kumgusa bega nimwambie. Nilitamani pia kupanda nimnyang'anye Salumu. Vyote viwili, kwa wakati mmoja, nguvu sawa.

Nafasi yangu kwenye bendi haikurudi. Salumu alibaki, na alistahili. Besi lilikaa naye. Baadaye bendi mbili tatu zikaja Keko kutaka kama lile, nikawachongea, na Mzee Mbaraka akatengeneza kona ya mbao zinazovuma, akawa anailinda kama dhahabu. Lakini jukwaani sikupanda tena, na kuna Jumamosi nyingi niliumia.

Kwa kijana wa Sinza: lako ni la umeme, mambo yanatofautiana, mninga unaweza kukufaa. Muulize fundi wako amewahi kuchonga magitaa au makabati. Gonga ubao mwenyewe usikie. Na wakati yeye anachonga, wewe usishinde pale kwake kuangalia rangi. Nenda kaazime bass ya mtu ujifunze.

Wengine nawauliza hivi, mnijibu bila kuona haya. Nani humu amewahi kutengeneza kitu kwa mikono yake, kisha akamwona mwingine anakitumia vizuri kuliko yeye? Ulifanyaje siku hiyo, ulipiga makofi au uliondoka?

Mie nilipiga. Ila mikono ilikubali kuanzia wimbo wa tatu.