Gasketi ya Harusi ya Sitara

Bushiri wa mtaa wa Sikukuu ameendesha harusi za nusu ya Kariakoo, na hajapata kumwona bibi harusi hata mmoja. Kazi yake ni kubeba wapiga matarumbeta kwenye pikapu yake kongwe ya dizeli na kulitangulia gari la maharusi kwa gia namba moja, ili watu wapate muda wa kutoka vibarazani, kucheza, na kusema maneno yao kuhusu gauni. Mpiga ngoma aliye nyuma anamwona bibi harusi. Dereva anaona makalio ya bajaji. Hata hivyo Bushiri anaijivunia kazi hiyo kuliko wengine wanavyojivunia maghorofa, na tangu binti yake Sitara alipokuwa wa kubebwa mgongoni alikuwa akisema: siku yake, pikapu itakayotangulia ni hii hii, na usukani nitashika mimi.

Basi Sitara akaposwa na kijana wa Ilala anayefanya kazi Mwanza, tarehe ikapangwa, na pikapu ikaanza kutoa moshi mweupe.

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Bushiri naye alikuwa tayari kushtuka, lakini siku hiyo alikuwa kwenye msafara wa harusi, na wageni wakaushangilia ule moshi. Walidhani ni mambo ya kisasa, kama ule unaopulizwa ukumbini maharusi wanapofungua muziki. Wakatoa simu, wakarekodi. Mama mmoja alimfuata dirishani kuuliza kama harusi ya mwanawe nayo ingepata moshi wa namna ile, ila wa rangi ya waridi. Bushiri, Mungu amsamehe, akamjibu kwamba wa waridi upo, mradi aambiwe mapema.

Kuanzia hapo kila dalili aliipa jina zuri. Maji yakikauka kwenye rejeta, gari lina kiu, nani asiyelijua joto la Dar? Mipira ya maji ikivimba na kuwa migumu, gari limepata nguvu. Mkewe Swaumu alichomoa kijiti cha oili, akaikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa.

"Baba Sitara, hii ni oili au umemwagia kifungua kinywa?"

"Oili za siku hizi ndivyo zilivyo," akasema Bushiri. Ubishi wa mtu huyu ni wa kuzaliwa nao, hakuuazima kwa jirani.

Ilipobaki wiki moja tu, pikapu ikachemka katikati ya barabara ya Msimbazi, wapigaji wote wakiwa juu. Mvuke ukaruka, wapigaji wakaruka, na mpiga ngoma akatua kwenye meza ya muuza sidiria. Wakaisukuma hadi mtaa wa Gerezani kwa fundi Isidori, baadhi yao wakisukuma na wengine wakipiga, kwa sababu wimbo ulikuwa bado haujaisha.

"Shikamoo, mzee Bushiri."

"Marahaba. Kiu tu hiyo. Itie maji, nina harusi."

Isidori, Mchaga mpole asiyependa kubishana na wateja, alisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji na kuiwasha. Maji yakaanza kutoa mapovu, moja juu ya jingine, bila kupumzika.

"Unayaona? Hiyo ni hewa ya ndani ya silinda, inatorokea kwenye maji. Gasketi ya silinda hedi imekufa, mzee. Tena imekufa zamani, wewe ndiye uliyekataa kuizika."

Bushiri aliyatazama yale mapovu, na kwa mara ya kwanza akakosa jina zuri la kuyapa. Woga ulimshika kweli.

"Jumamosi namwozesha Sitara," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi usinisumbue, nifanye kazi."

Hilo nalo lilikuwa ombi gumu. Isidori alipoinua silinda hedi na kumwonyesha gasketi, lile bamba jembamba la kuziba, ilipoungua, katikati ya silinda ya pili na ya tatu, Bushiri alisema ameshawahi kuona mbaya zaidi. Hedi ilikuwa imepinda kwa joto, ikapelekwa kunyooshwa kwenye mashine. Bushiri akatumwa gasketi mpya, na onyo juu: unene ulingane na ya zamani, vile vikato vya pembeni viwe sawasawa. Kwa kuogopa kukosea aliivaa ile ya zamani begani, akazunguka nayo maduka yote ya spea, masizi yamemjaa shati, akimwekea kila muuzaji bega lake puani ili alinganishe. Aliipata. Na Isidori alipoanza kukaza bolti, akianzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa zamu, Bushiri alisema "kaza, kaza" mpaka akafukuzwa gereji, akaambiwa aende nyumbani akapakwe hina.

Jumamosi Sitara akaozeshwa baada ya alasiri. Swaumu alisema baba wa bibi harusi hukaa na wazee. Bushiri akajibu kwamba wazee wanakaribishwa kukaa nyuma na ngoma. Akakunja kanzu, akashika usukani. Isidori akapanda pembeni yake na dumu la maji, kwa usalama.

Msafara ukaondoka. Mshale wa joto ukapanda hadi katikati, ukatulia. Injini ilinguruma vizuri. Ilala kwa bwana harusi ni pua na mdomo, lakini pikapu ilizidi kwenda polepole. Wapita njia wakaipita. Muuza maji akaipita na mkokoteni wake, akaomba radhi. Matarumbeta yakamaliza nyimbo zote, yakarudia ya kwanza. Isidori alikunja uso, akashuka, akatembea sambamba na gari akiinusa ekzosi, akapanda tena bila hata kukimbia.

"Mzee, injini safi kabisa. Mbona haiendi?"

Isidori akamgeukia, akaona machozi yanateremka hadi kwenye ndevu.

"Kesho kutwa wanampeleka Mwanza," Bushiri akasema. "Mwanza, Isidori. Nikimfikisha hapo Ilala, basi."

Mjomba wa bwana harusi alikuja mbio dirishani, jasho linamtoka. "Jamani, vipi tena? Pilau linapoa! Gari limekufa?"

"Hapana, kaka," akasema Isidori. "Gasketi mpya hii. Siku ya kwanza haitaki haraka kabisa, ukiikimbiza inaungua."

Mjomba akatikisa kichwa, akarudi kuwaambia wenzake. Isidori akafuta mikono yake, ambayo siku hiyo ilikuwa safi, akaonyesha njia.

"Kata kushoto hapo, mzee. Tuzunguke kwanza."

Bushiri akakata kushoto.