Ubao ulioruka wamfanya fundi Tak achague mashine upya

Theluji nyembamba imelala juu ya paa la bati, na ndani ya karakana pumzi ya Tak Gwang-sik inaonekana kama moshi. Ameinama juu ya ubao wa mti wa ginko, anavuta randa kuelekea kifuani. Anavuta mara kadhaa, anasimama, analishika bega la kulia, anaendelea. Maranda yanaanguka miguuni pake, membamba kama ganda la kitunguu.

Nyuma yake, kwenye ukuta wa mbao unaoigawa karakana pande mbili, kuna tundu. Linapitisha ngumi ya mtu mzima. Wateja humuuliza kama anatengeneza dirisha.

"Nawaambia ni ubao ulipita hapo," anasema fundi huyo mwenye umri wa miaka hamsini na moja, bila kuinua macho. "Wanacheka. Halafu wananitazama usoni, wanaacha."

Tak hutengeneza soban, zile meza fupi za kulia chakula, katika kijiji kimoja juu ya mji wa Namwon. Kazi alijifunzia kiwandani Incheon, na kiwanda kilipofungwa akarudi kwao na mkewe, Seok Mi-ok, ambaye ndiye anayezipaka meza utomvu hadi zing'ae. Mama yake mzazi, Bibi Ma Bun-rye, anayekaribia miaka themanini, hupiga msasa miguu ya meza.

Mwezi ukiwa mzuri, wakishalipia mbao na umeme, hubaki na won milioni mbili na kidogo. Humo humo mna ada ya binti yao, Dasom, aliye chuoni Gwangju.

Ndiyo maana mashine ya kuranda ilichukua miaka miwili ya kujibana. Daktari alikuwa amemwonya Tak kwamba bega lake limelika, akiendelea kuranda kwa mkono itafika siku atashindwa kuinua kijiko. Muuzaji wa mashine mjini, Guk Yeong-ho, akamwekea moja iliyotumika, kwa won milioni mbili na nusu.

"Hilo halikuwa na mjadala," anasema Mi-ok. "Hata mahali pa kuiweka tulishapafagia."

Kisha ikaja wiki ya kutia kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili ya kuliwa majira yote ya baridi, wakati kijiji kizima kinanuka kitunguu saumu.

Asubuhi hiyo Tak alikuwa akipasua ubao wa msonobari kwenye msumeno wa meza, ule wa duara unaochomoza katikati ya meza ya chuma. Nyuma ya ukuta ule, karibu na jiko la kuni, ndipo mama yake alipokuwa akikaa kila siku tangu baridi ianze, na miguu ya meza mapajani.

Ubao ulikuwa na mvutano ndani yake, jambo ambalo fundi halioni mpaka aupasue. Ulipofika katikati ukajifunga, ukaubana msumeno, na msumeno ukautupa.

"Sikuuona ukienda," anasema Tak. "Niliona tu mikono yangu haina kitu."

Ulimpita kiunoni. Alipogeuka, ukuta ulikuwa na tundu.

Alimwita mama yake. Hakujibiwa. Akajiambia hamsikii kwa sababu ya mngurumo, akapapasa swichi mpaka akaipata, akazima. Akaita tena.

Upande wa pili kiti kilikuwa kimeanguka, na ubao umepita katikati ya egemeo lake. Miguu ya meza ilikuwa imetapakaa. Mama hakuwepo.

"Nilimtafuta chini ya kiti," anasema, na hapo randa inasimama. "Mtu mzima mimi, nimepiga magoti, namtafuta mama yangu chini ya kiti."

Mi-ok ndiye aliyemkuta mumewe pale sakafuni. Alimshika mikono, akaihesabu vidole.

"Vyote vipo," akasema. "Sasa nini, Baba Dasom?"

Tak akamwonyesha kiti. Mi-ok alikitazama, kisha naye akakaa chini kwenye vumbi la mbao.

Bibi Bun-rye aliingia akiwa na bakuli mkononi. Jirani alikuwa amemwita aonje kabichi kama imekolea, naye akaondoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga, kama kawaida yake.

"Nani kavunja kiti changu?" akauliza.

Akakisogelea, akapitisha kidole kuzunguka ule ubao, akapima kwa macho, kisha akaweka kiganja kifuani pake mwenyewe, usawa uleule. Halafu akachana jani la kabichi, akamtia mwanawe mdomoni kama mtoto wa kulishwa.

"Tafuna," akasema. "Mwenzangu kazidisha chumvi. Ningekufa leo ningekufa na kiu."

Kwa siku kadhaa alikisimulia kisa hicho kijijini kama kichekesho. Mshtuko wake ulichelewa. Ulimkuta sokoni, pale muuza tofu alipoangusha sinia nyuma yake. Bibi alikumbatia nguzo ya kibanda, akashindwa kupiga hatua, mpaka mkwewe akapigiwa simu aje kumchukua.

Tangu hapo hajakanyaga upande ule wa ukuta. Msasa anapigia jikoni.

Naye Tak hakuweza kuwasha msumeno. Alikuwa akisimama mbele yake asubuhi, anaugusa, anatoka nje. Duka moja la Jeonju likafuta oda.

Ilipobidi, alishuka mjini kumwambia Guk kwamba hajui tena anataka kununua nini. Guk alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kreti kutoka chini ya meza yake ya kazi.

Ilikuwa imejaa vifuniko vya misumeno na mabapa madogo ya chuma, yale yanayosimama nyuma ya meno ya msumeno kuuzuia ubao usijifunge. Vingine bado vilikuwa na mafuta ya kiwandani.

"Vya nani vyote hivi?" Tak akauliza.

"Vya wateja. Wanavifungua wakiwa hapahapa dukani. Wanasema vinawachelewesha."

"Na msumeno wangu? Ulikuwa navyo?"

"Ulipoununua hapa haukuwa navyo, mdogo wangu. Hukuuliza, nami sikusema."

Tak anasema alikaa juu ya ndoo, akaitazama ile kreti. "Kila bapa lilikuwa karakana ya mtu. Na nyuma ya huyo mtu kuna mwingine amekaa."

Guk alimtafutia bapa linaloingia kwenye msumeno wake, pamoja na kifuniko, akakataa malipo. Lakini swali la akiba lilibaki, na jioni hiyo nyumba iligawanyika.

"Uza mashine zote," alisema Mi-ok. "Tutakula viazi vitamu."

"Nunua mashine ya kuranda," alisema mama. "Bega hilo si la chuma."

Tak akawaambia anataka msumeno wa mkanda, ule wenye utepe wa chuma wa meno unaozunguka juu na chini. Meno yake huvuta ubao kwenda chini, mezani, hayawezi kuurusha nyuma. Mbao nene zote angezipasulia hapo, ule wa meza ubaki na kazi ndogondogo. Ila bei yake ilikuwa karibu sawa na ya mashine ya kuranda. Kununua vyote viwili hakukuwezekana.

"Na bega?" mama akauliza.

"Bega ninalo lingine, mama."

"Na huo mkanda ukikatika?" akauliza Mi-ok.

Tak alimwambia unabaki ndani ya kasha lake. Mi-ok hakuridhika. Kesho yake akaenda naye dukani, akamwomba Guk awashe mashine na apasue ubao mnene kabisa alio nao. Kisha akazunguka, akasimama nyuma ya Guk, pale ambapo mama angekuwa amekaa.

"Dada, hapo huoni kitu," Guk akamwambia.

"Sikuja kuona. Pasua."

Guk akapasua. Mi-ok alifumba macho mwanzo hadi mwisho, na mkono wake ukaacha alama kwenye mkono wa mumewe. Alipofumbua, akauliza inaletwa lini.

Inaletwa wiki ijayo. Ile mashine ya kuranda aliyowekewa, Guk amemuuzia mtu wa Gurye, na Tak anatarajia kuanza kutafuta nyingine baada ya mavuno ya mwaka ujao, kama oda za Jeonju zitarudi. Mpaka wakati huo ataranda kwa mkono, nusu siku, na Mi-ok ameanza kujifunza kumsaidia kuvuta randa, akisimama upande wake wa kushoto.

Bibi Bun-rye anasikiliza mazungumzo haya akiwa mlangoni mwa karakana, bila kuvuka kizingiti. Anaulizwa kama atarudi kufanyia kazi ndani.

"Siku mashine itakapokuja, niwekeeni kiti mbele yake," anasema. "Mbele, si nyuma. Na swichi nitaiwasha mimi, ili ijue nani mwenye nyumba."