Mtu Safi wa Barabara ya Kambove

Nianze hivi: jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, macho wazi, mikono yote imelowa mazuti. Sisi huku dizeli tunaiita mazuti. Najua mtu mwenye gari kuukuu haaminiwi upesi, na pengine ni haki. Lakini ukifika Kakontwe ukaulize kwa Mama Sidonia, atakusimulia yale yale, tena kwa ukali kunishinda.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Likasi, mtaa wa Panda, nashona sare za shule na magauni ya arusi. Mambo ya injini sikuyasomea popote. Lakini mwaka juzi nilinunua jip ya zamani sana kupitia kwa dalali mmoja. Aliniambia kwamba mwenye jip alikuwa mzee wa kazi za mgodini, mtu mwangalifu, ambaye sasa haendeshi tena. Kwa nini haendeshi tena, dalali hakusema, na mimi sikuuliza.

Jip ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Inawaka vizuri, inatembea dakika ishirini, inakohoa, inakufa. Ukifungua hiki na kufunga kile inawaka tena, dakika ishirini nyingine, inakufa. Mafundi wawili waliiwasha mbele yangu, wakaisikiliza kidogo, wakasema haina kitu. Nani atakaa dakika ishirini akiangalia gari lisilo na kitu?

Mke wangu ni mtu wa maombi. Alileta kikundi chake cha kanisa, wakafungua kapo, yaani boneti, wakawekea injini mikono na kumwagia mafuta ya upako. Siku hiyo jip ilitembea dakika ishirini na tano. Mke wangu akasema, "Unaona." Basi nikaamua kuitengeneza mwenyewe, kwa video za simu na kwa ushauri wa watu.

Ushauri wa watu haukosekani. Likasi, ukifungua kapo barabarani, kabla hujainama wamefika washauri watatu. Kwa hiyo siku ile jip iliponifia kwenye barabara ya Kambove, saa nane mchana, jua kali la kiangazi, sikushtuka niliposikia sauti begani.

"Filtre, papa. Angaria filtre kwanza."

Nikageuka. Mzee mwembamba, salopeti ya bluu, ovaroli ya kazi, mikono nyuma ya mgongo. Salopeti ilikuwa imepigwa pasi, ina mkunjo ulionyooka toka paja hadi kifundo. Mimi ni mshonaji, vitu hivyo naviona kwanza. Likapita lori la madini, vumbi likatufunika mpaka meno yakawa yanasaga mchanga. Nilipojifuta macho nilikuwa mwekundu kama tofali. Yeye alikuwa safi kama mtu anayekwenda misa.

Wewe ungejiuliza? Unasema hivyo kwa sababu umekaa. Mtu ambaye gari lake limekufa njiani hajiulizi kitu.

Nikafungua filtre, yaani chujio la mazuti, nikaisafisha, nikarudisha mazuti kwa pampu ya mkono, jip ikawaka. Nilipogeuka kumshukuru hakuwepo. Nikadhani ameingia majanini kujisaidia.

Juma lililofuata jip ilikufa mahali pengine, karibu zaidi na mji, na mzee alikuwa pale pale begani. "Leo ni mipira ya mazuti," akasema. "Iko inaingiza hewa. Lakini ile skrubu ya katikati usiikaze sana, uzi yake imekwisha." Niliijaribu skrubu, kweli uzi umekwisha. Alijuaje? Nikamnyoshea spana anisaidie. Akarudisha mikono nyuma. "Minye naonyesha tu."

Nikafungua mipira, nikaifunga, jip ikawaka. Niamini, nilianza kumpenda yule mzee.

Sasa sikiliza Alhamisi ile. Jumamosi ilikuwa arusi ya mdogo wangu Asterida, huko Kambove kwa watu wa mume. Mimi kwa kinywa changu nilikuwa nimeutangazia ukoo mzima kwamba wasihangaike kutafuta gari, bibi arusi atapanda jip ya kaka yake. Gauni nimeshona mimi, gari ni langu, nani angenifikia? Alhamisi nikatoka peke yangu kuijaribu njia. Dakika ishirini. Kimya.

Nilifungua kapo nikalaza paji la uso juu ya chuma. Sikuwa naomba. Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Asterida.

"Sasa minye nimejua," sauti ikasema. "Ni pompe."

"Papa, pampu nyingine ya mazuti nitaitoa wapi leo?"

"Kwangu iko moja ya akiba. Enda Kakontwe, uliza kwa Papa Evaristi. Nyuma ya nyumba ya kuku kuko kopo kubwa ya maziwa, niliifunga pompe na kitambaa. Ambia bibi yangu akupe."

"Na gari nitaliacha na nani?"

"Minye nitalinda. Niko na wakati mingi."

Nikasimamisha pikipiki, nikaenda. Kakontwe hapakuwa na shida, mtoto wa kwanza niliyemuuliza alinionyesha. Nikamkuta mama mmoja mnene, wa miaka kama sitini, uani kwake, anatwanga sombe, majani ya muhogo. Huyo ndiye Mama Sidonia, bibi yake, yaani mkewe. Nikamwamkia, nikasema Papa Evaristi amenituma nichukue pompe iliyo nyuma ya nyumba ya kuku.

Mchi ukasimama hewani.

"Amekutuma lini?"

"Sasa hivi, mama. Nimemwacha barabara ya Kambove, analinda gari langu."

"Amevaa nini?"

"Salopeti ya bluu. Safi, ina mkunjo wa pasi."

"Ule mukunjo nilipiga minye," akasema. "Njo nguo tulimuzika nayo. Mwaka wa tatu sasa."

Nilikaa juu ya kitu cha kwanza nilichokiona, nacho kilikuwa beseni la sombe mbichi. Mama hakunisimamisha wala hakunipa pole. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti isiyokuwa na woga hata chembe:

"Na anasema gari iko na shida gani?"

"Pompe, mama."

Akaulaza mchi chini, polepole.

"Hata kule," akasema. "Hata kule haijamuingia. Muntu anakufa, anafika mbele ya Mungu, anarudia kusema pompe. Miaka mbili nilimuambia: Evaristi, tatizo iko ku kifuniko ya tanki. Ananijibu, bibi anajua nini ya motoka."

Ndipo nikaelewa jip ilikuwa ya nani kabla haijawa yangu. Mama akanawa mikono, akafunga kitambaa cha kanisani kichwani, akachukua mkoba. Nikamwambia kwa adabu kwamba mimi ningependa kubaki kulinda nyumba. Akasema, "Gari ni ya nani?" Tukapanda pikipiki watatu, mimi katikati, matako yamelowa sombe.

Alikuwepo. Amesimama pale pale, mikono nyuma. Lakini alipoona ni nani anashuka kwenye pikipiki, naapa, nilimwona mtu aliyekufa akiogopa. Akaanza kuchunguza tairi ya mbele kana kwamba ndiyo iliyomleta. Dereva wa pikipiki hakuona mtu. Alisema tu kwamba hapa kuna baridi, akageuza akaondoka.

"Evaristi," mama akasema.

"Sidonia. Umefika."

"Uko unatesa watoto ya bantu ku barabara."

"Ni pompe," akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Mama alimpita kama mtu anavyopita kiti, akaenda nyuma kwenye tanki. "Kuya hapa, papa," akaniita. "Tega sikio." Akakizungusha kifuniko, na jip ikavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyekuwa amezama akaibuka. Mama akakipindua kifuniko anionyeshe. Ndani yake kulikuwa na kipande cha mpira wa tairi, kimekatwa duara vizuri kabisa, kimegandishwa na gundi juu ya kitundu kidogo cha hewa.

"Umeisha kunywesha mutoto bibero?"

"Ndiyo, mama."

"Kama hewa haiingie mu chupa, maziwa inatoka?"

"Haitoki."

"Njo vile."

Ndiyo hivyo tu. Injini inanyonya mazuti, tanki halipati hewa ya kujaza mahali pake, na baada ya dakika ishirini mazuti yanagoma kuja. Kila nilipofungua filtre au mipira, hewa ilipenya kurudi tankini kwa njia hiyo, jip ikapata maisha mengine mafupi, na mimi nikamsifu mwalimu wangu. Mwalimu alikuwa amenifungulisha kila kitu isipokuwa kile alichokiharibu yeye.

Papa Evaristi akakisogelea kifuniko.

"Njo ile nilikuwa nataka kusema," akasema.

"Mwongo weye. Nani aliweka huu mupira?"

Akatazama ndala zake.

"Ni weye ulilalamika, Sidonia. Ulisema nguo yako ya misa inanukia mazuti. Harufu ilikuwa inatokea mu ile tundu. Nikaziba."

Mama Sidonia akafungua mdomo. Halikutoka neno. Mimi niliyemjua kwa saa moja tu nilielewa kwamba jambo hilo si la kawaida.

Hapo yakaja malori mawili kutoka upande wa Kambove, yamejaa, yamefuatana. Vumbi likasimama kama ukuta. Tulifumba macho. Lilipotulia, mama alikuwa mwekundu toka kitambaa hadi viatu, kifuniko mkononi, nami ni hivyo hivyo. Mtu wa tatu hakuwepo. Pale aliposimama hapakuwa hata na alama ya ndala.

Mama aliubandua ule mpira kwa ukucha, akautia ndani ya mkoba.

"Washa," akasema.

Tulifika Kambove, tukarudi Likasi, jip haikukohoa. Jumamosi Asterida aliingia arusini kwa jip ya kaka yake, honi inalia, mama zetu wanapiga vigelegele, na ukoo ukaona kwamba mimi si mtu wa maneno matupu. Tatizo ni kwamba kitundu sasa kilikuwa wazi. Gauni jeupe nililolishona kwa mikono hii, mwezi mzima, liliingia kanisani likinuka gereji. Bwana arusi alipiga chafya katikati ya kiapo. Asterida hajanisamehe. Angalia picha, katika zote ameinamia upande mwingine.

Ilipita miezi. Siku moja Mama Sidonia akaja kwenye karakana yangu ya kushonea, amevaa nguo yake ya misa ingawa ilikuwa Jumanne. Nikachukua futi nikidhani anataka vipimo. Akafungua mkoba, akaweka ule mpira juu ya cherehani.

"Papa, rudisha huu. Siku moja tu."

Sikumuuliza kwa nini. Tuligandisha mpira, tukashika barabara ya Kambove. Dakika ishirini, jip ikafa. Nikafungua kapo, yeye akasimama kando na mkoba wake, tukangoja. Walipita watu wa baiskeli za makaa. Walipita watoto wa shule. Washauri walikuja wanne, wote hai, wote wachafu, na mmoja wao alisema ni pompe. Mama alimtazama kila mmoja usoni, vizuri, mmoja mmoja. Jua likaanza kushuka.

"Funga," akasema mwishoni. "Amelala."

Aliubandua mpira mwenyewe, safari hii akautupa majanini. Tulipofika mlangoni kwake akanigeukia. "Nilitaka kumuambia aksanti tu," akasema. "Siku ile minye nilinyamaza."

Basi nakuonya wewe mwenye gari la zamani. Likifa njiani, kabla hujafungua chochote, zungusha kifuniko cha tanki usikilize. Likivuta pumzi, ugonjwa uko hapo, usinunue kitu. Na akija mtu aliyepigwa pasi akasimama begani kwako, mwamkie, muulize habari za nyumbani, hasa za bibi yake, lakini usilegeze hata skrubu moja kwa neno lake.

Tena, lolote ulilolitengeneza mwenyewe kwa mpira, kwa waya, kwa sabuni, liandike, ili siku yako ikifika ulale. Mimi nimeandika yote ndani ya daftari, nikampa mke wangu. Alikaa akalisoma kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ukurasa wa breki. Hapo akalifunga, na tangu siku hiyo anakwenda kanisani kwa miguu.