Asubuhi Baba Alipoketi na Sururu

Nikinusa udi wa vijiti, masikio yangu hupata moto. Msicheke bado. Harufu hiyo hunirudisha Voi, kwenye veranda ya nyuma ya nyumba yetu, ambako mpangaji wetu, Bwana Sunil, aliketi kila alfajiri, udi ukifuka kando yake, amekunja miguu na kufumba macho, ametulia hadi kuku wakawa wanampandia magotini.

Alitoka Sri Lanka kununua mawe ya thamani, yale ya kijani. Broka akimletea jiwe, alilitupia jicho tu akajua. Mtaa mzima ukaamua: huyu Mbudha haketi bure. Akifumba macho pale, anaonyeshwa jiwe liliko.

Baba naye alikuwa amechimba Kishushe mashimo ya kutosha kupanda mkonge wa dunia nzima, na hakuambulia hata kokoto ya kujivunia. Nami nilikuwa namaliza shule ya msingi, na karo ya sekondari ilingoja jiwe la baba. "Atafutaye hachoki," alisema kila akirudi, akikung'uta viatu, na vumbi lake lingejenga nyumba.

Basi alfajiri moja akatuamsha. "Mama Wakio, lete mkeka. Leo na sisi tunaketi."

Tukajipanga nyuma ya mpangaji kama wanakwaya. Mama alikumbatia Biblia, eti anayeonyesha asije akawa yule mwingine. Baba alipakata sururu, ili akionyeshwa tu, atoke mbio. Mimi nilifumba macho nikatafuta kijani, nikaona uji.

Jirani yetu, Mama Kamau, akachungulia juu ya ua. "Heee! Baba Wakio, mmehama kanisa ama kuna matanga?" Kicheko chake kilifukuza tembo wote wa Ndara.

Bwana Sunil akafumbua macho, akageuka, akaiona sururu. "Rafiki, ngoja nini?"

"Jiwe," baba akasema. Kudanganya hakujua. "Na sisi tuonyeshwe."

Mgeni hakucheka. Afadhali angecheka. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akasema, "Mchana yote mimi waza jiwe, jiwe. Hapa mimi kaa, tazama hiyo tamaa ikija. Fukuza, hapana. Fuata, hapana. Inachoka, inaenda. Basi."

Baba akaisukuma sururu nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nilitamani ardhi inimeze. Jumapili ile, njiani kwenda kanisani, nilitembea mbali naye, watu wasijue ni wangu.

Jiwe halikupatikana. Sekondari niliisoma ukubwani, masomo ya jioni, nikafaulu kwa kishindo ambacho walimu wangu hawajapona. Siku hizi nami huketi alfajiri. Tamaa zinakuja, simu mpya, kiwanja, nazitazama, zinaenda. Aibu ile ikija, haiendi. Inaketi nami mkekani.

Kwa miaka mingi nilidhani ni aibu ya sururu. Kumbe baba, pale alipofumba macho, hakuwa akitafuta kijani. Alikuwa akiniona mimi nimevaa sare ya sekondari. Nami nikamwacha aende kanisani peke yake.