Nyaya Nilizozitundika Mikoroshoni

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana mwenyewe nimeshacheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka, na bado nikikutana na mtu wa Kilwa barabarani najifanya nafunga kamba ya kiatu. Mimi, niliyekuwa nikimdai kila mtu ushahidi wa kila neno (mpaka marehemu baba akaniomba niwe nasali safu ya nyuma nisimkere khatibu), nilionekana na kijiji kizima pamoja na Katibu wa Wilaya nimepiga magoti chini ya mkorosho, waya wa spika shingoni, bakuli la maji mkononi, namzungua mtoto wa watu kama mganga aliyerithi kazi kwa babu yake.

Chanzo chake si uganga, ni unadhifu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nimetoka chuo kikuu na shahada ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, nikapelekwa kufundisha elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa, mbele kidogo ya Mitole. Kijiji kilikuwa na shamba lake la pamoja la mikorosho na kilikuwa na bendi, na kwa kuwa nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kwamba bendi inapiga vizuri ila vyombo vyake vinatunzwa vibaya, nikajikuta nimekabidhiwa vyombo hivyo. Magitaa, maikrofoni, amplifaya inayokula betri ya gari, na nyaya. Nyaya zote walikuwa wanazisukumia ndani ya gunia moja, kwa hiyo kila dansi lilianza kwa wanaume wazima kukaa chini kufumua gunia, huyu anavuta huku, yule anavuta kule, mpaka waya unakatikia kwa ndani na gitaa la besi linakohoa hadi mwisho wa dansi.

"Mnali," nilimwambia kiongozi wa bendi, kijana mrefu aliyepiga gitaa la solo, "nyinyi mnapiga muziki au mnavua dagaa?"

"Mwalimu, waya kazi yake kupitisha sauti," akanijibu. "Haujali umelalaje."

Nikamwonyesha kwamba unajali. Chuoni nilijiunga na kikundi cha maigizo, na fundi wetu wa sauti alitufundisha kwamba waya hauzungushwi kwenye kiwiko kama kamba ya kisima. Unaukunja mduara mmoja kwa juu, unaofuata unaupitisha kwa chini, ndipo haujisokoti na ukiutupa unanyooka wenyewe. Halafu unaufunga, na kila aina inakuwa na rangi yake. Nikaenda dukani nikapata vipande vya kitambaa: vyekundu nikafungia nyaya za magitaa, vyeupe za maikrofoni, na vya kaniki, nyeusi tititi, za spika.

Nyekundu, nyeupe na nyeusi. (Naona mmeshaanza kutazamana. Mimi nimezaliwa Lindi mjini, nimekua naona vitambaa hivyo hivyo vimefungwa mahali ambapo mama alinikataza kupita, lakini sikukumbuka. Nilikuwa nimesoma.)

Jumamosi Katibu wa Wilaya alikuwa anakuja kuisikiliza bendi, na akiridhika, ingekwenda Lindi kupiga mbele ya mkoa mzima kwenye sherehe za Uhuru. Kwa wengine hiyo ilikuwa safari. Kwa Mnali ilikuwa mke. Kule Lindi alikuwepo binti aitwaye Mwanahawa, ambaye baba yake alimrudisha mshenga na jibu kwamba hamwozi mwanawe kwa mhuni wa magitaa, na Mnali aliamini kwamba mzee yule akimwona kasimama kwenye jukwaa la serikali, anapigiwa makofi na wakubwa, atageuza kauli.

Basi Ijumaa jioni nikaenda kuandaa uwanja, ambao ulikuwa ukingoni mwa lile shamba la kijiji. Chini kuna mchwa na umande, kwa hiyo nikaitundika kila duara ya waya kwenye mkorosho wake, karibu na mahali itakapotumika, nikizunguka miti na kujisomea kwa sauti ya chini, "Huu wa besi, huu wa solo, huu wa mwimbaji," nisije nikasahau. Nilirudi nyuma nikatazama. Jamani, ilipendeza.

Tatizo ni kwamba wiki ile ile, darasani, nilikuwa nimewakaripia watu juu ya wizi wa korosho za kijiji. Nilisema, tena kwa kidole, "Anayeokota korosho za shamba letu ajue siku yake inakuja, atakiona." Nilimaanisha kamati ya kijiji.

Asubuhi nilipofika uwanjani sikukuta mtu. Watu walikuwepo, lakini kule mbali barabarani, wamesimama kama wanaosubiri jeneza. Kisha akajitokeza Bi. Somoe, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, na kikapu kichwani. Akakitua mbele yangu. Kimejaa korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hizi hapa. Niondoe."

"Nikuondoe wapi?"

"Mwalimu, usinifanye mtoto. Jana nilikuona kwa macho yangu unazunguka miti unanuiza. Kago la kunasa wezi umeliweka kubwa, sote tumeliona. Niondoe mimi, hao wengine shauri lao."

Ndipo nilipogeuka nikaitazama kazi yangu kwa macho ya Bi. Somoe: miduara myeusi kwenye mikorosho mizima, kila mmoja umefungwa kitambaa cha kiganga, juu ya shamba linaloibiwa. Ningekuwa mwizi hata mimi ningeumwa tumbo.

Nikacheka (kosa), nikasema hizi ni nyaya tu, nikaanza kumweleza kwamba nyekundu ni ya gitaa, nyeupe ya maikrofoni, nyeusi ya spika.

"Ndiyo," akaitikia kwa heshima. "Kila maradhi na rangi yake."

Nyuma yake wakaanza kuja wengine, huyu na kapu, yule na kanga iliyofungwa mafundo, na mwisho Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe, anakokota baiskeli yenye gunia zima nyuma. "Hizi nilizihifadhi kwangu zisinyeshewe," akasema bila kuulizwa. Ulikuwa msimu wa kiangazi.

Nikawaita wanabendi washushe nyaya waziunge, watu waone. Hakuna aliyesogea.

"Mnali! Hata wewe? Wewe si unajua ni waya?"

"Mimi najua, Mwalimu. Vidole vyangu ndivyo havijui."

Wakati huo huo akaja mama mmoja anakimbia, kambeba binti yake Zainabu anayelia kashika tumbo. Alikula mabibo ya shamba la kijiji, akasema mama, na sasa anakufa. Nilimtazama mtoto: tumbo limejaa kama ngoma, na ukitaka kujua alikula mabibo mangapi angalia gauni lilivyochafuka. Nikasema apewe maji, atatapika, atapona. Mama akapiga magoti. "Baba yangu, tegua. Mtoto hana kosa."

Nikatazama jua, nikatazama barabara, nikamtazama Mnali aliyekuwa ananitazama kana kwamba Mwanahawa nimemfungia mimi kwenye ule mti. Nikajiambia, hawa watu hawataki maelezo, wanataka kuteguliwa. Wape dakika moja ya upuuzi, nyaya zishuke, bendi ipige, tutabishana Jumatatu. Nikaushusha waya wa spika, nikakifungua kile kitambaa cha kaniki, waya nikajivika shingoni ili nipate mikono yote miwili, nikapiga magoti na bakuli la maji, nikaanza kumnyunyizia Zainabu. Bi. Somoe akaninong'oneza, "Maneno, Mwalimu. Bila maneno haliondoki." Maneno sina! Kitu pekee nilichokumbuka kwa moyo ni kile nilichokariri kwa ajili ya mtihani, nikakitoa kwa sauti nzito: "Mkondo wa umeme huongezeka kadiri nguvu inavyoongezeka, na hupungua kadiri ukinzani unavyozidi."

"Amiin!" wakaitikia wote.

Nilimpa mtoto maji yaliyobaki. Akayanywa, akanikodolea macho, akatapika mabibo yote juu ya suruali yangu, akanyamaza, akamwomba mama yake uji.

Hapo ndipo balaa lilipokamilika, maana kila mwenye korosho za kijiji alitaka afunguliwe fundo lake mwenyewe, na wengine hawakuningoja. Walirukia miti, wakang'oa miduara, wakavuta vitambaa, wakapitisha nyaya juu ya vichwa vya watoto, za besi zikaingia ndani ya za solo, za solo zikazunguka mguu wa Mwenyekiti. Mimi katikati napiga kelele, "Kwa juu, kwa chini! Msizisokote!" nao wanaitikia, "Kwa juu, kwa chini!" wakidhani bado nanuiza.

Nilipoinua kichwa niliona viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vizuri. Katibu wa Wilaya alikuwa ameiacha Landrova barabarani akaja kwa miguu, na kwa jinsi alivyosimama, hakufika sasa hivi.

Nilitaka kusimama. Akanizuia kwa mkono.

"Endelea, ndugu," akasema. "Usije ukaharibu dawa."

Tulimkalisha kivulini. Wanabendi, ambao sasa vidole vyao vilikuwa na imani, wakakaa chini kufumua bonge la nyaya ambalo hata gunia halijapata kulizaa, wakavuta, wakauma kwa meno, wawili wakagombana. Katibu akanywa madafu yake, akatazama saa, akalipongeza lundo la korosho na kumpa Mwenyekiti mkono kwa uaminifu wa wanakijiji wake, akaondoka bila kusikia hata sauti ya kujaribia. Lindi ikaenda bendi ya kijiji kingine, ambayo sitaitaja, na ambayo, nasikitika kusema, nyaya zake inaziweka kwenye gunia.

Habari zilifika Lindi kabla ya Mnali kupeleka posa mara ya pili. Jibu lilirudi siku ile ile.

"Zamani nilikuwa mhuni," Mnali akaniambia. "Sasa mzee anasema mimi ni mhuni mwenye mganga. Mwalimu, umenisaidia sana."

Ikabidi niende mwenyewe. Nilipanda gari mpaka Lindi, nikakaa barazani kwa baba yake Mwanahawa na duara moja ya waya mkononi, nikamweleza mwanzo hadi mwisho, sauti inavyopita, rangi zinavyosaidia, mtoto alivyokula mabibo. Mzee alinisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akasogeza kiti.

"Kumbe ni wewe mwenyewe," akasema taratibu. "Nina minazi yangu kule Kitunda, ng'ambo ya maji. Wezi wananimaliza, mwanangu. Sasa huyo kijana wako, tunaweza kuzungumza."

Nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba sitaufunga tena waya kwa kitambaa cha rangi yoyote, wala sitautundika mtini, maisha yangu yote. Kiapo hicho nilikiapa kwenye mtumbwi, nikitoka Kitunda, duara yangu ya waya nimeiacha juu ya mnazi wa mzee, na Mnali na Mwanahawa sasa wana watoto watatu.